Askari anayeogopa radi: mbwa mzee wa Malaba na mama aliyekubali kumlea kwa wiki mbili

MALABA, Uganda

WALINZI wa usiku wa mji huu wa mpakani watakuambia kuwa mwizi wa stoo hapendi giza kama anavyopenda mvua. Mvua ikishaanza kupiga mabati, kufuli linaweza kukatwa hatua kumi kutoka alipolala mtu na asisikie kitu. Ndiyo maana wenye stoo hufuga mbwa. Na ndiyo maana mbwa aitwaye Askari alionekana hafai kazi.

Askari ni mbwa wa kienyeji, rangi ya kahawia, sikio moja limekatika ncha na mdomo wote umeota mvi. Kwa miaka ambayo hakuna aliyeihesabu alilinda yadi ya kuegesha malori karibu na barabara kuu. Alibweka vizuri, hakuuma watoto, na aliyajua magari ya wenyewe. Ila ngurumo ya kwanza ikisikika upande wa Mlima Elgon, ulinzi ulikwisha. Alihema, alitetemeka, alichuruzika mate, kisha alivuta mnyororo mpaka shingo ikachubuka. Mara mbili aliukata. Mara ya pili alikutwa alfajiri amejibanza chini ya trela kwenye foleni ya malori yanayosubiri kuvuka, katikati ya magurudumu, na dereva ameshawasha injini.

Mwenye yadi alipofunga biashara na kuhama Septemba mwaka jana, aliondoka na geti, tangi la maji na mabati ya kibanda. Mbwa alibaki amefungwa kwenye nguzo. Majirani wakajadili. Wapo waliosema apewe sumu yaishe, kwa kuwa mbwa mzee asiye na mwenyewe huishia kuwa mbwa koko. Mama mmoja muuza mitumba, ambaye stoo yake ilipakana na yadi hiyo, alisema atakaa naye wiki mbili tu, mpaka apatikane mtu wa kumchukua.

Sasa ni mwezi wa nane.

Mama huyo aliomba jina lake lisiandikwe. Nyumba ni ya kupanga, na mwenye nyumba, kwa maelezo yake, bado hajaamua kama amemwona mbwa au hajamwona. Hununua marobota Gikomba, Nairobi, na kuyauza hapa na katika soko la Mbale, kwa hiyo kila baada ya siku chache yuko barabarani. Si mtu wa kufuga mbwa. Alikuwa hajawahi kumgusa mmoja kwa mkono mtupu kabla ya siku aliyomfungua Askari pale nguzoni.

Mbwa wa namna hii wamejaa katika miji ya mipakani. Sisi watu wa biashara huhama: stoo inafungwa, bidhaa inabadilika, njia mpya inafunguka, na mbwa aliyelinda mali yetu miaka minane haingii kwenye hesabu ya kuhama. Nairobi kuna KSPCA na Kampala kuna USPCA, vyama vinavyopokea wanyama waliotelekezwa na kuwatafutia makao, na mara nyingine huomba familia zimlee mnyama nyumbani kwa muda wakati anatafutiwa mwenyewe wa kudumu. Kutoka Malaba vyote viwili ni safari ya kutwa. Hapa mlezi wa muda ni jirani mwenye huruma, na hana karatasi yoyote.

Nchi ya ngurumo

Askari ana bahati mbaya ya pekee. Malaba iko katika wilaya ya Tororo, na Tororo ni jina linalojulikana na watu wa hali ya hewa duniani kote. Kitabu cha rekodi cha Guinness kiliwahi kuitaja kuwa na wastani wa siku 251 za ngurumo kwa mwaka, kwa hesabu za miaka kumi kuanzia 1967 hadi 1976. Hizo ni zaidi ya siku mbili katika kila tatu. Kumweka mbwa anayeogopa radi Tororo ni kama kumpangia chumba kando ya kinu mtu asiyepata usingizi.

Sababu ni ziwa na mlima. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, na upepo wenye unyevu hutoka Ziwa Viktoria kuelekea bara. Ukikutana na upepo wa mashariki na kuanza kupanda miinuko ya Elgon, hewa hiyo husukumwa juu, na mawingu mazito hujengeka alasiri. Usiku mwelekeo hugeuka: upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, na ngurumo nazo huhamia majini, jambo ambalo wavuvi wa pande zote tatu za ziwa wanalijua kwa gharama kubwa.

Nani basi wa kumcheka mbwa? Juni 2011 radi iliua wanafunzi 18 katika Shule ya Msingi Runyanya, wilaya ya Kiryandongo, hapa hapa Uganda. Watu wa ukanda huu huogopa radi kwa sababu. Tofauti ni kwamba mtu anaweza kujiambia kuwa yuko ndani ya nyumba salama. Mbwa hawezi, na vitu vinavyomfikia ni vingi kuliko vinavyotufikia sisi. Sikio la binadamu hukomea kwenye mitetemo kama 20,000 kwa sekunde. La mbwa hufika takriban 45,000. Juu ya sauti kuna mwanga, upepo, harufu ya mvua na kushuka kwa mgandamizo wa hewa, na mbwa aliyekwisha kuogopa hujifunza kuviunganisha vyote. Ndiyo maana huanza kuhangaika wakati sisi bado tunaanika nguo.

Niliona hilo kwa macho yangu Aprili. Ilikuwa saa tisa na dakika kumi alasiri, jua linawaka, mama anakunja suruali za jinzi, Askari amelala chini ya meza. Aliinuka ghafla, akasimama akitazama ukuta, akaingia stoo. Upande wa mlima palikuwa na weusi kidogo tu. Dakika ishirini baadaye ngurumo ya kwanza ilitikisa vioo vya duka la jirani.

Wiki za mwanzo

Wiki zile mbili za makubaliano ziliangukia mwanzo wa mvua kali za mwisho wa mwaka. Usiku wa kwanza mama alimfungia Askari ndani ya stoo akidhani ukuta na mlango vitamtuliza. Asubuhi alikuta mlango umekwaruzwa hadi mbao nyeupe, robota la sweta limechanwa pembe, na mbwa mwenyewe kucha mbili zinavuja damu. Usiku wa pili alimfunga nje kwa mnyororo, kwenye nguzo ya chuma. Daktari wa mifugo aliposikia hilo baadaye alishtuka kuliko alivyoshtuka kuhusu mlango. Mnyama aliyefungwa kwa chuma chini ya mti au kwenye nguzo wakati wa radi yuko mahali pa hatari kweli kweli, hata asipokuwa mwoga.

Usiku wa tatu mama alifanya kile ambacho wengi wetu tungefanya: alimkaripia na kumchapa kwa kandambili. Askari alijikojolea. Anasema hapo ndipo alipoelewa kuwa hashughuliki na mbwa mkaidi, kwa sababu mkaidi hukutazama usoni, na huyu alikuwa hamwoni mtu yeyote.

Siku hizo majirani walimpa ushauri wa kila aina. Mmoja alisema usimbembeleze, ukimbembeleza unamfundisha kuogopa. Ushauri huu umeenea sana, hata kwa watu wenye mbwa wa bei, na si sahihi. Hofu haiji kwa sababu inalipwa. Mtoto ukimshika mkono wakati wa radi humfundishi kuipenda hofu, na kwa mbwa ni vivyo hivyo. Kinachomdhuru ni kupigwa, kukaripiwa, au kuburutwa kutoka alipojificha. Akija kwako, muache akuegemee. Asipokuja, usimfuate.

Mwingine alimletea kidonge cha dawa ya maumivu ya watu. Kwa bahati hakumpa. Ibuprofeni na diklofenaki, ambazo karibu kila duka la dawa la mpakani linazo, zinaweza kutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo zake, hata kwa kiasi ambacho kwa mtu ni kidogo.

Daktari aliyekuja hatimaye alikuwa amefuata ng'ombe wa mtu mwingine, akaombwa apitie. Alitazama meno na macho, akakadiria miaka tisa au kumi. Kisha akafanya jambo ambalo mama hakulitarajia: badala ya kuuliza habari za radi, alimwinua mbwa mguu wa nyuma na kuukunja taratibu. Askari aliguta. Nyonga zake zilikuwa zimekakamaa kwa yabisi ya viungo, uzee wa mbwa aliyelala kwenye saruji maisha yake yote.

Uhusiano wa nyonga na ngurumo unaweza kuonekana wa mbali, lakini umechunguzwa. Mwaka 2018 watafiti wa Brazil na wa Chuo Kikuu cha Lincoln, Uingereza, walichapisha uchunguzi wa mbwa 20 wanaoogopa kelele, nusu yao wakiwa na maumivu ya mifupa au misuli. Waliokuwa na maumivu walianza kuogopa wakiwa na umri mkubwa zaidi kuliko wenzao, na wakatibiwa maumivu, hofu nayo ikapungua. Maelezo ya watafiti ni kwamba mbwa anaposhtuka mwili hukaza, mwili ukikaza penye kidonda panauma, na kelele inayofuata inakuja na kumbukumbu ya maumivu. Mbwa 20 ni wachache, na makala hii haisemi kwamba kila mbwa mwoga ana nyonga mbovu. Inasema kwamba mbwa mzee aliyeanza kuogopa ukubwani apimwe mwili kwanza kabla ya kuitwa mwoga.

Askari aliandikiwa dawa ya maumivu ya mbwa, akapewa gunia lililojazwa matambara alalie, na chanjo ya kichaa cha mbwa. Kuhusu radi yenyewe daktari alikataa kumpa asepromazini, ile dawa ya kulegeza ambayo maduka mengi ya dawa za mifugo huitoa haraka mtu akisema mbwa wake ana fujo. Dawa hiyo huulegeza mwili bila kuondoa hofu. Mwenye mbwa huona mnyama ametulia, kumbe ameshindwa tu kukimbia. Zipo dawa nyingine zinazopunguza hofu yenyewe, baadhi yake ni zile zile za hospitali za watu, na daktari ndiye hupima uzito, umri na figo kabla ya kutoa. Askari alipewa moja ya kutumia siku za radi kali pekee, kabla haijaanza, kwa kuwa ikichelewa haifanyi kitu. Mama anasema ameitumia mara chache kuliko alivyodhani.

Kati ya marobota

Tiba iliyofanya kazi zaidi aliivumbua Askari mwenyewe. Mlango wa stoo ulipoachwa wazi, alikwenda kujipenyeza kwenye nafasi kati ya marobota ya sweta na yale ya mablanketi, nyuma kabisa, mahali pasipo dirisha. Ukifikiri kidogo unaona akili yake. Robota la mitumba lililobanwa ni ukuta mzito wa nguo. Hakuna chumba Malaba kinachozuia sauti kuliko kile. Mimi niliingiza kichwa humo mvua ikipiga, na kelele za mabati zilipungua mpaka nikasikia saa yangu ya mkononi.

Tangu hapo mama hapangi marobota ovyo. Nafasi ya Askari huachwa hata stoo ikijaa, na anakiri kuwa kuna safari moja alirudi Gikomba na robota moja pungufu kwa sababu hiyo. Kila robota linalokaribia pango hilo hufunikwa gunia gumu. Redio huwekwa karibu na mlango, na mawingu yakikusanyika hufunguliwa kwa sauti ya kawaida, muziki au hotuba, mradi kuwe na kitu kingine masikioni mbali na ngurumo. Mlango haufungwi. Anayejua anaweza kutoka, mara nyingi hatoki.

Miezi ya ukavu, Desemba hadi Februari, mtoto wake wa sekondari alichukua zamu. Alipakua sauti za ngurumo kwenye simu, akaziunganisha na spika ya muziki kwa sababu spika ya simu haitoi mlio wa chini, akaanza kuzicheza kwa sauti ndogo kiasi kwamba mama alimuuliza kama zimewaka. Kila mara, dagaa mkavu mmoja kwa mbwa. Hapa huitwa mukene, ng'ambo ya daraja ni omena, Mwanza ni dagaa. Askari anaitikia majina yote matatu. Baada ya siku kadhaa sauti iliongezwa kidogo. Sheria ilikuwa moja tu: akikataa dagaa, sauti irudi chini. Ni kazi ya kuchosha, na haifanyi radi ya kwenye spika kuwa radi yenyewe, kwa kuwa haina umeme wala upepo. Lakini Machi mvua zilipoanza, mbwa aliyekuwa akivunja milango alikuwa anatetemeka akiwa amekaa.

Siku ile ya Aprili nilikaa kwenye kigoda mlangoni mwa stoo dakika arobaini nzima. Alihema kwa nguvu, macho yamemtoka. Ngurumo moja ilipopasuka karibu sana alitoka pangoni, akaja kuweka kidevu juu ya mguu wa mama. Mama aliweka mkono mgongoni mwake na kuendelea kuzungumza nami habari za ushuru. Hakukwaruza kitu. Mvua ilipokatika alikunywa bakuli zima la maji, akalala.

Anatii Kiswahili tu, hili nalo ni la mpakani. Mlinzi aliyemlea yadini alikuwa mtu wa Tanga, na maneno yake yalikuwa kaa, njoo, lala na acha. Mama huzungumza Kiteso nyumbani, lakini na mbwa, kama na wateja, ni Kiswahili.

Mlezi akiwa safarini

Swali ambalo mfanyabiashara atauliza ni hili: ukiwa basini kuelekea Nairobi, nani anakaa na mbwa? Mama alidhani jibu ni mwanawe. Jibu la pili lilijitokeza lenyewe. Jirani wa mlango wa tatu ni mzee wa nafaka, asili yake Mombasa, Mwislamu wa madhehebu ya Shafii. Kwake mate ya mbwa ni najisi, chombo kilichorambwa huoshwa mara saba na moja yake kwa udongo. Siku ya kwanza alikuja kuzungumza, na mama alijiandaa kwa ugomvi. Mzee aliomba mambo mawili: mbwa asipite barazani kwake anaposwalia, na bakuli lake lisioshwe kwenye bomba la pamoja. Mama alikubali yote, akanunua ndoo ya pekee. Kisha mzee akamkumbusha kile kisa cha mtu aliyemnywesha maji mbwa mwenye kiu, kinachojulikana na kila aliyepita madrasa.

Sasa mzee ndiye mwangalizi wa mawingu. Mama akiwa ng'ambo na Elgon ukianza kuwa mweusi, mzee humpigia simu kijana shuleni kwao, ambako ni mwendo wa dakika kumi, au humwomba mwanamke wa duka la jirani afungue stoo na redio. Hajawahi kumgusa mbwa. Hajawahi pia kukosa kupiga.

Na ulinzi je? Hapa mama hazungushi maneno. Askari si mlinzi wa usiku wa mvua na hatakuwa. Wenye stoo watano wamechanga kumlipa mlinzi mmoja, mtu mwenye tochi na filimbi. Ningependa wafanyabiashara wengi walione hilo kabla hawajamtupa mbwa kwa kosa la kutofanya kazi ambayo mwili wake hauiwezi. Siku za kawaida bado hubweka mgeni akifika.

Gharama zake si ndogo kwa muuza mitumba. Uji wa posho na mukene, dawa ya viungo kila mwezi, usafiri wa daktari. Hakuna aliyeahidi kuchangia, na mwenye yadi hapokei simu. Hili ndilo kosa la malezi mengi ya muda katika miji yetu: watu hukubaliana juu ya huruma, hawakubaliani juu ya bili. Nani analipa tiba, mpaka lini, na nani ana kauli ya mwisho mbwa akizidiwa, ni maneno ya dakika tano kuandikwa kwenye karatasi ya daftari mbele ya shahidi.

Daraja la Malaba

Machi ilipatikana nyumba. Muuguzi mstaafu, mteja wa zamani wa mama, anaishi nje kidogo ya mji wa Bungoma, upande wa Kenya. Ana uwa, hana wajukuu wadogo karibu, na nyumba yake ina dari ya mbao chini ya mabati, jambo ambalo mama alilichunguza kabla ya kuulizia kitu kingine chochote. Yuko tayari kumchukua Askari moja kwa moja.

Kutoka stoo hadi Bungoma ni mwendo wa gari usiofika saa mbili. Kisheria ni kumvusha mnyama kutoka nchi moja kwenda nyingine. Inahitajika cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa, cheti cha afya kutoka kwa daktari wa mifugo wa serikali upande wa Uganda, na kibali cha kuingiza mnyama kutoka Idara ya Mifugo ya Kenya. Kila mtu aliyeusikia mpango huu alimcheka mama. Njia za panya zipo, mto si mpana, mbuzi huvuka kila siku bila kuonyesha kitu. Kwa nini mbwa mzee apewe pasipoti?

Jibu linapatikana Pemba. Kisiwa hicho kiliendesha chanjo ya mbwa hadi mwaka 2014 kichaa cha mbwa kikatoweka. Mwaka 2016 ugonjwa ukarudi. Watafiti waliofuatilia vinasaba vya virusi waligundua kuwa vililetwa kutoka nje ya kisiwa. Kampeni ikaanza upya, na hadi 2018 ugonjwa ukaondolewa tena. Bahari nzima inauzunguka Pemba na bado ugonjwa ulisafiri na wanyama wa watu. Malaba ina daraja na vichochoro. Kichaa cha mbwa huua watu wanaokadiriwa kufika 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Dalili zikishaonekana kwa mtu, dawa haipo. Kinachookoa ni kuosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na kwenda kupata chanjo siku hiyo hiyo.

Mbwa mwenye hofu ya radi anahusika moja kwa moja hapa. Ndiye huyo anayekata kamba usiku, anavuka mpaka bila kujua kuna mpaka, anajificha kwenye stoo ya mtu, na asubuhi anauma mkono unaomtoa. Kama hana chanjo wala mwenyewe, aliyeumwa ataishi wiki kadhaa bila kujua hatima yake. Serikali za mitaa zikipata visa vya namna hiyo hukimbilia kuwatega mbwa koko kwa sumu, wakati kinachouvunja ugonjwa ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo. Cheti cha Askari kimefungwa ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na risiti za mitumba, na nakala iko kwa mzee wa nafaka.

Niliuliza kama ni vigumu kumtoa baada ya miezi yote hii. Mama alisema kwanza kwamba robota la nane litapata nafasi. Baadaye, tukisindikizana hadi stendi, alisema mbwa wa umri huo hana miaka mingi, na yeye kila wiki yuko safarini. Muuguzi yuko nyumbani kutwa. Kijana wake hakubaliani na mpango huo na hakutaka kuzungumza na mwandishi.

Kumhamisha mbwa mzee si kumtoa mlango huu na kumwingiza ule. Daktari ameshauri asisafirishwe msimu wa mvua, nyumba ya kwanza mpya isije ikaunganishwa kichwani mwake na ngurumo. Muuguzi tayari amewahi kuja mara mbili, akaketi na kumlisha dagaa kwa mkono wake. Gunia la matambara litakwenda lilivyo bila kufuliwa, ili libaki na harufu ya stoo. Dawa za mwezi mmoja zitaambatana naye, na makubaliano yameandikwa safari hii: mambo yasipokwenda sawa ndani ya miezi mitatu, Askari atarudi Malaba kwa gharama ya nusu kwa nusu.

Hadi tunakwenda mitamboni kibali cha kutoka Nairobi kilikuwa hakijafika. Safari imepangwa wiki ya tatu ya Juni, kwa pikapu yenye turubai, na kijana amepewa kazi ya kukaa nyuma na mbwa. Wataondoka saa kumi na mbili asubuhi, wakiwa kwenye dirisha la ofisi ya mifugo pale mpakani mara tu linapofunguliwa, wafike Bungoma kabla ya saa sita, kabla mawingu hayajaanza kupanda Elgon.